Programu ya umbali wenye ishara: nje safi, ndani inadanganya

Programu hii imenichosha. Inauzwa kama chombo cha kuchunguza jiometri ya maumbo kwa fanksheni za umbali wenye ishara, yaani fomula zinazoipa kila nukta umbali wake hadi uso wa umbo: hasi ndani ya umbo, sifuri usoni, chanya nje. Kwa nje sina ugomvi nayo. Ugomvi uko ndani.

Chukua matufe mawili yenye nusu kipenyo 1, vitovu vikiwa kwenye x = 0.5 na x = -0.5, uyaunganishe. Programu huchagua tu thamani ndogo kati ya mbili, hivyo katikati kabisa inakupa -0.5. Lakini uso ulio karibu zaidi na hapo ni ule mduara yanapokutana matufe, na uko umbali wa takriban 0.866! Sasa lipunguze umbo kwa 0.6 kutoka usoni kwenda ndani. Linakatika vipande viwili, ilhali la kweli linabaki kimoja. Anayepima unene wa kiuno cha kitu atatoka na jibu la uongo mtupu.

Kinachoudhi zaidi ni ukaguzi wa watengenezaji wake. Unaangalia kama mteremko wa fanksheni (kasi ya thamani kubadilika ukisogea) una urefu wa 1, na hapa unao karibu kila mahali, kwa hiyo kosa linapita. Nilipolalamika nilijibiwa kwa mkato kwamba picha zinatoka vizuri. Picha! Mimi napima, sichori.

Kulinasa kosa, fuata kina, yaani umbali wa nukta ya ndani hadi usoni, kando ya mhimili wa x. Kina cha kweli huweza kuwa na kilele chenye ncha, bonde lenye ncha kamwe. Ukiona V, huo si umbali. Dawa ni kuweka thamani kwenye gridi, kuziacha zinazopakana na uso, kisha kuhesabu upya za ndani, seli yenye umbali mdogo ikitangulia.

Nilitaka kuipa nyota moja. Lakini kwa mpindo wa uso, haki yake niiseme: jumlisha derivativu tatu za pili za fanksheni, kwa x, y na z, na tufe la nusu kipenyo 2 linakupa 1, safi kabisa. Tumia namba za biti 64. Kwa biti 32 na hatua (umbali kati ya nukta zinazotumika kukadiria derivativu) ya 0.001, makosa ya kukadiria desimali yanaweza kufika 0.1, na hatua ya 0.01 ni salama zaidi. Kwa kazi hiyo, nyota nne bila kusita.

Kwa unene, hapana. Angalau waandike kando ya kitufe cha muungano kwamba thamani za ndani si umbali.