Gemu za zamani za kompyuta kwa mtoto wa miaka 9 hadi 12: ipi uanze nayo, ipi uiache dukani

Minada ya korosho huanza Oktoba, na wako wazazi Tandahimba, Newala na Masasi ambao malipo yakiingia hutenga fungu la kununua kompyuta ya mtumba kabla ya likizo ya Desemba. Kompyuta ikishalipiwa, mtoto anauliza kama ina gemu. Hapo wengi wetu tunamwachia muuzaji. Anachomeka diski yake, anamwaga kila alichonacho kwa mpigo mmoja, na humo ndani mara nyingi GTA haikosi. Mtoto wa darasa la tano anarudi nyumbani na gemu ya kuiba magari na kuua watu, na mzazi hana habari.

Mzazi mwenzangu, chagua mwenyewe. Wala huhitaji kuwa mtaalamu wa kompyuta. Kwa umri huu nashauri gemu za zamani, na sababu zangu ni za huku kwetu. Nyingi hukubali kwenye mashine yenye RAM ya GB 2 au 4, ambayo ndiyo mifuko yetu inayoiweza. Ukishaiweka, haikuombi bando tena. Haina matangazo yanayoruka katikati ya mchezo, wala haimshawishi mtoto anunue sarafu za bandia kwa pesa ya kweli, kama zinavyofanya gemu nyingi za simu. Na kwa kuwa zimeshachezwa miaka mingi, yaliyomo yanajulikana. Hakuna kitakachokushtua baada ya wiki mbili.

Nafasi ya kwanza: RollerCoaster Tycoon

Ilitoka 1999. Aliyeitengeneza ni Chris Sawyer wa Scotland, na sehemu kubwa ya programu yake aliiandika kwa lugha iliyo karibu sana na ile ya mashine yenyewe, ndiyo maana hadi leo ni nyepesi ajabu. Mtoto anapewa uwanja mtupu, mkopo wa benki, na kazi ya kujenga bustani ya michezo: bembea, treni za kupanda na kushuka, vibanda vya vyakula, vyoo, njia za kupita. Uwanja wa kwanza kabisa unamtaka apate wageni 250 kufikia mwisho wa Oktoba ya mwaka wa kwanza, na siku hiyo sifa ya bustani isiwe chini ya alama 600. Linaonekana jambo dogo mpaka ajenge treni kali kupita kiasi na wageni wakatae kuipanda.

Hapa ndipo ninapoipendea. Kila mgeni ana mawazo yake, na ukimbofya unayasoma: ana njaa, amechoka, bei ya soda ni kubwa, njia imejaa matapishi. Mtoto anagundua mwenyewe kwamba kibanda cha chipsi kikiwa karibu na treni inayozungusha, wafagiaji watakuwa na kazi. Mvua ikinyesha wageni hukimbilia miavuli, na anayejua biashara anapandisha bei ya mwavuli palepale, kisha anaishusha jua likitoka. Kabla ya kufungua treni mpya anaweza kuijaribu, na gemu inampa alama tatu: msisimko, ukali na kichefuchefu. Akipuuza jaribio, treni inaweza kuchomoka relini mbele ya wageni. Hiyo ni hesabu na biashara kwa pamoja, na mtoto anaipokea bila kubembelezwa.

Lugha ni Kiingereza chepesi. Mtoto wa darasa la tano atakwama mwanzoni. Kaa naye jioni mbili tatu, mwekee na kamusi pembeni. Nunua ile iitwayo Deluxe, ambayo imeunganisha nyongeza zake zote, yaani sehemu mpya zilizouzwa baadaye.

Ya pili, na haina malipo: OpenTTD

Kabla ya bustani za michezo, Sawyer huyohuyo alitoa Transport Tycoon mwaka 1994. Watu wa kujitolea waliijenga upya kwa jina la OpenTTD, na tangu toleo la 1.0 la mwaka 2010 inajitegemea kabisa bila faili za gemu ile ya awali, na picha zake ni za bure. Unaipakua kihalali bila kulipa hata shilingi. Mzazi asiye na kadi ya kununulia mtandaoni aanze na hii, na wala asione kwamba amempa mtoto kitu cha daraja la chini.

Mtoto anaanza mwaka 1950 na kampuni yake ya usafirishaji. Anatoa makaa mgodini kuyapeleka kwenye kituo cha umeme, anasafirisha abiria wa mji mmoja hadi mwingine, anajenga reli, bandari na viwanja vya ndege. Malipo hutegemea umbali na muda uliotumika, na magari huzeeka na kuharibika njiani. Mtoto aliyepanda basi la Mtwara kwenda Dar es Salaam anajua gari bovu linavyowagharimu abiria, kwa hiyo hapa hahitaji maelezo marefu. Ugumu ni ishara za reli: zinachanganya hata watu wazima. Mwache aanze na mabasi na malori, reli itakuja.

Ya tatu: Machinarium

Nimeipandisha kwa sababu moja kubwa: haina maneno. Ilitoka 2009 kwa Amanita Design, watengenezaji wa Jamhuri ya Cheki. Roboti mdogo anatembea katika mji wa vyuma chakavu akitatua mafumbo, na wahusika huzungumza kwa picha zinazotokea ndani ya kiputo juu ya vichwa vyao. Mtoto ambaye Kiingereza bado kinampiga chenga anacheza sawasawa na yule wa shule ya kulipia. Mafumbo mengine ni magumu kweli, na inapendeza zaidi watoto wawili wakikaa pamoja kubishana. Kasoro yake ni kwamba ikiisha imeisha; haichezeki upya kama zile mbili za juu.

Ya nne, kwa masharti: Age of Empires II

Kwa utajiri wa yaliyomo hii ingekuwa ya kwanza. Ilitoka 1999, na bado kuna mamilioni wanaoikumbuka. Mtoto anaanza na wanakijiji watatu na mpanda farasi mmoja wa kupeleleza. Anachunga kondoo, anakata miti, analima, anachimba dhahabu na mawe. Kila mwanakijiji mpya anagharimu chakula 50, na ili atoke zama za mwanzo lazima awe na akiba ya chakula 500. Akikimbilia askari kabla ya shamba, anashindwa.

Lakini ni gemu ya vita. Damu si nyingi, ila watu wanauawa, wanaanguka na kubaki mifupa. Marekani waliipa alama T, yaani kuanzia miaka 13. Kwa mtoto wa miaka 9 ningesubiri. Kwa wa miaka 11 au 12 ningemruhusu, mradi mzazi awe anapita kutazama.

Kuna jambo jingine la kulizungumza wazi, hasa sisi wa pwani hii. Katika simulizi zake mtoto anaweza kumchezea Salahuddin upande wake, jambo zuri. Nyongeza ya mwaka 2015 ilileta dola ya Mali ya mfalme Sundiata, na Ethiopia, jambo zuri zaidi. Nyongeza hiyohiyo ina simulizi ya Francisco de Almeida, Mreno aliyeishambulia Kilwa mwaka 1505, na mchezaji anakaa upande wa Almeida. Mtoto wa Lindi hapaswi kuicheza hiyo kimyakimya. Mweleze kwamba mji ule ulikuwa na msikiti mkuu wa mawe na ulifua sarafu zake wenyewe, na kwamba magofu ya Kilwa Kisiwani yamo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu 1981. Mkiweza, vukeni kutoka Kilwa Masoko akayaone kwa macho yake. Baada ya hapo acheze, akijua anayepigwa ni nani.

Kwa upande wa mashine: diski ya zamani husumbua kwenye Windows za karibuni, rangi zikaharibika. Toleo la 2019 limerekebishwa vizuri na limejumuisha nyongeza hiyo ya Afrika, ila linadai nafasi kubwa ya diski na bando la maana.

Nyingine, kwa kifupi

SimCity 2000 ya mwaka 1993 ni ya mtoto mtulivu: anapanga mji, analaza mabomba ya maji, anakusanya kodi, anachagua umeme wa makaa, maji, gesi au upepo. Mtoto anayesikia habari za gesi ya Mnazi Bay kila siku atakuwa na maswali mengi, na hayo maswali ndiyo faida yenyewe. Picha zake zimezeeka kuliko za gemu zote hapa, na wengine huchoka mapema.

Gemu za mpira, FIFA na Pro Evolution Soccer za miaka ya nyuma, hazina ubaya. Kwa wawili ni tamu. Zinataka padi za kuchezea, kwa hiyo piga hesabu ya padi mbili kabla hujaahidi.

Za kuziacha dukani ni GTA Vice City ya 2002 na San Andreas ya 2004. Kule Ulaya zote mbili zina alama 18, Marekani zimepewa M, yaani kuanzia miaka 17. Muuzaji akisema "watoto wote wanacheza hii", mwambie aifute ukiwa umesimama hapohapo.

Kununua na kuweka

Duka la mtandaoni la GOG linauza RollerCoaster Tycoon Deluxe, Machinarium na SimCity 2000. Bei za gemu za zamani namna hii kwa kawaida si kubwa, na siku za punguzo hushuka sana. Uzuri wa GOG ni kwamba unapakua faili la kusakinisha na kulihifadhi kwenye flashi. Mashine ikifa, gemu yako haijafa. Malipo ni kwa kadi, hata ile ya mtandaoni unayotengeneza kupitia pesa za simu. Nakala za bure za mtaani ziogope: mbali na kwamba si halali, flashi inayozunguka kompyuta zote za mjini huja na virusi.

Ukienda kununua kompyuta, beba faili la OpenTTD kwenye flashi. Liweke palepale kaunta na cheza kwa dakika kumi bila chaja. Ukiona mashine inaganda, feni inalia sana, au betri inakata kabla ya muda huo, omba nyingine. Kwa umeme wetu unaokatika, betri isiyofika hata nusu saa itampotezea mtoto kila alichojenga. Mfundishe kuhifadhi mchezo mara kwa mara. Nunua na kipanya cha waya, maana hakuna gemu hata moja kati ya hizi za kujenga inayochezeka vizuri kwa kuburuta kidole kwenye laptop.