Tapi ya kuputi ya meta 3: miezi 4 mu nyumba, na juu ya nini niliikata na kisu

Nilinunua hii tapi ya golfu, kapeti ya kujifunzia kuputi (kusukuma mupira chini chini mupaka mu shimo), mwezi wa tano, kiangazi inaanza, juu nilikuwa nimechoka na kuputi kwangu. Mi niko na andikapu 24 (mipigo yenye wananipunguzia juu mi si muchezaji wa nguvu), siko muntu wa kujisifu, lakini draiva yangu, ile fimbo ya kupiga mbali, inaenda, na hapa Lubumbashi tuko karibu meta 1,200 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, mupira inaruka mbali kuliko kule chini ku Matadi, basi unafika pembeni ya grini (ile fasi ya majani mafupi yenye shimo) na mipigo mibili unajiona sawa bale ba ku televizyo, kisha pale pale unaputi mara tatu, siku ya mubaya mara ine. Kuna siku nilihesabu puti zangu zote mu mashimo 18, nikapata 41. Ile pari 72, hesabu ya mipigo ya muchezaji muzuri, yenyewe inakuhesabia puti 36, mbili ku kila grini. Sikuambia muntu, nilienda kunywa maji.

Tapi yenyewe ni ya kijani, urefu meta 3, upana sentimeta 30 hivi, iko na mustari mweupe katikati. Ku mwisho kuko kamulima kadogo, juu ya kamulima kuko shimo, na pembeni kamufereji ka kurudisha mupira. Haina batri, haina waya, na kwetu hiyo ni kintu ya maana, courant ikienda we unaendelea tu na tochi ya simu. Nililipa dola 48, ikapitia mupaka wa Kasumbalesa mu mizigo ya muntu mwenye anaendaka Zambia kila juma, naye nikamuongezea 10 ya usafiri. Hesabu mwenyewe.

Siku ya kwanza ilikuwa imejikunja sawa chapati. Niliitandaza ku jua mu parcelle saa mbili, nikaigeuza, nikaweka matofali ku pembe, jioni ikalala vizuri. Wenye mutanunua, musiikunje kama nguo, muizungushe tu, ama muiache palepale chini ya kitanda. Harufu ya kaucho ilibakia mu salon siku tatu, mama ya batoto alisema mambo yenye sitaandika hapa.

Sasa kosa langu ya kwanza, na hii sikia vizuri. Wiki mbili nzima mipira yangu yote ilikuwa inaenda kushoto. Yote. Nikasema aah, ni mikono, nikabadilisha namna ya kushika, nikasogeza muguu, nikaangalia video za kwenye simu mupaka megabaiti zikaisha, kila video inasema kintu ingine. Kumbe ni simenti! Fundi mumoja alikuja kutengeneza mulango, nikamuomba nivo yake, ile ya kupima kama fasi iko sawa, nikaiweka juu ya tapi, ile kapovu ikakimbilia upande moja. Salon yangu inainama. Mi nilikuwa ninajifunza kupiga vibaya juu ya kurudishia nyumba makosa yake. Nikahamisha tapi mu koridoo, pale iko sawa, na mipira ikanyooka siku ile ile. Basi mbele ya kulaumu mikono yako, tafuta nivo, hata ile ya ku simu inatosha.

Kintu yenye tapi inafundisha vizuri ni moja: mupira utoke pale ulilenga. Watu wengi wanafikiri kuputi ni bahati, lakini piga hesabu. Shimo ya golfu fasi yote ku dunia iko na upana wa milimeta 108, kwa hiyo kutoka katikati mupaka ukingo ni 54. Uso wa puta, fimbo ya kuputi, ukigeuka digri moja tu, ku meta 3 mupira unakosa katikati kwa milimeta 52 hivi. Digri moja! Uko tayari ku ukingo, ukiwa umepiga polepole unaweza kuingia, ukiwa umepiga na nguvu unazunguka unatoka. Digri mbili, umekosa kabisa.

Juu ya ile, nimejitengenezea mulango. Ninachukua batri mbili za redio, ninazisimamisha sentimeta 50 mbele ya mupira, nafasi katikati yao sentimeta 5. Mupira wenyewe iko na milimeta 42.67 ama kidogo zaidi, sheria inakataza kupunguza hapo, basi unabakia na milimeta tatu na kitu kila upande. Ukipita bila kugusa batri, ku meta 3 huwezi kukosa katikati zaidi ya sentimeta mbili na kidogo. Siku za kwanza nilikuwa ninaangusha batri mara 7 mu 10. Sasa ninaangusha mara 2, ama 3 nikiwa nimetoka kazi na hasira. Na hiyo mulango haikutoka mu karton ya tapi, batri nilitoa mu redio ya bibi, akaniuliza redio imekufa lini.

Sasa ubaya. Ubaya iko ku kamulima.

Nilifika ku teren ya golfu mwezi wa sita na kiburi yangu yote, miezi karibu miwili ya mazoezi kila usiku, mupira 50, na nikaputi vibaya kuliko mbele! Mustari ulikuwa muzuri, kila mutu aliona, lakini mipira ilikuwa inapita shimo meta moja na nusu, meta mbili. Kadi wangu, mzee mwenye alianza kubeba mifuko ya bantu tangu mi ningali mutoto, aliniangalia mupaka shimo ya tano, akaweka mufuko chini.

"Patron, leo unaputi sawa muntu anafukuza mbuzi."

"Papa, mi nimefanya mazoezi kabisa, kila siku, ku nyumba."

"Ku nyumba kuko nini?"

Nikamuelezea tapi, kamulima, shimo juu ya kamulima. Akacheka, akasema lakini patron, ku grini hii we unaona mulima mbele ya shimo? Basi. Juu mupira upate kupanda kale kamulima, lazima upige na nguvu ya ziada, na mikono yangu ilikuwa imeshika ile nguvu kama deni. Tena tapi ile ni ya kukimbiza, haifanani na majani, kiangazi majani yakikauka yanakaribia kidogo, lakini mvua ikianza mwezi wa kumi na moja grini inalowana na mupira unakuwa mzito, ni mambo ingine kabisa.

Na mupira wenye unakuja na mbio, shimo inakuwa ndogo kwake. Ukifika polepole hata ukingo unakupokea, ukifika mbio ni katikati peke yake. Kwa hiyo kamulima kalikuwa kananinyanganya ile faida yote nilipata ku batri.

Nilirudi nyumbani nikachukua kisu ya jikoni, nikakata kamulima. Sasa tapi ni ya bapa mwanzo mupaka mwisho. Fasi ya shimo ninaweka kifuniko cha chupa ya bia ya Simba, na kazi yangu ni mupira upite juu yake ama pembeni kidogo kisha usimame mbele ya kukanyaga simenti, nimeacha nyuma ya kifuniko sentimeta 40 hivi. Ukisikia tok ya simenti, umepiga sana. Kintu ingine mzee alinifundisha, na ni bure: mupira moja tu. Mi nilikuwa ninapanga mipira sita ninapiga pa-pa-pa, ya sita inaingia ninafurahi, lakini ku teren hakuna anayekupa ya sita. Sasa mupira moja, ninapiga, ninatembea kuuchukua, ninarudi, ninalenga upya. Mipigo 20 inatosha, inachukua dakika 15.

Yenye tapi haiwezi, hata ukiipenda namna gani, ni puti ya mbali. Meta 10, meta 12, pale njo puti tatu zinazaliwa, juu ya kwanza inaishia meta mbili mbele ama nyuma, na ku meta mbili na nusu hivi, hata ma-professionnel ba Marekani wanakosa karibu nusu. Kwa ile nenda ku grini ya mazoezi mbele ya kucheza, usipige draiva kwanza, tupa taulo chini kwa mbali, jaribu mupira usimame karibu nayo. Mi ninafanya dakika kumi. Hakuna tapi ya koridoo itakupa hiyo.

Sasa niko ku puti 35, siku zingine 36, mara moja 33 lakini siku ile nilikuwa ninakosa grini zote na kuchipu (kurusha mupira kidogo kutoka pembeni) karibu na shimo, basi usinisifu.

Note yangu: 6 juu ya 10 vile inauzwa, 8 ukiikata. Kama unaona yenye haina kamulima chukua hiyo, hata ikiwa rahisi zaidi, na isiwe chini ya meta mbili na nusu. Kama dola 58 ni nyingi, na ni nyingi, tafuta kipande cha kapeti kifupi manyoya yake ku soko, uchore mustari na chaki, batri uko nazo. Shimo kadogo, kamufereji, mustari mweupe (wangu umeanza kufutika tayari), hiyo yote ni mapambo.

Kale kamulima, mutoto wangu alikaokota. Anakaweka chini ya mulango wa koridoo juu upepo usiufunge nikiwa ninaputi.