Laptopu imeanguka na bado inawaka: fundi wa Langoni anayejua pa kutazama

Fundi huyu watu wengi wa Lamu wanamjua kwa kubadilisha vioo vya simu. Mimi nataka kumsifu kwa kazi nyingine, ambayo wengi hata hawajui kwamba inaweza kulipiwa: kuichunguza laptopu iliyoanguka ambayo kwa macho haina kitu. Kwa kazi hiyo naandika bila kusita kwamba anastahili kila shilingi anayotoza, ingawa yapo mambo ambayo angeyarekebisha na nitayataja.

Yuko mtaa wa Langoni, katika kichochoro kinachopanda kutoka Usita wa Mui, ile njia kuu ya mji, ukiwa watoka Mkunguni, uwanja ulio mbele ya ngome. Chumba ni kidogo, mlango mmoja, meza moja yenye taa ya kukunja, na rafu ya makopo ya skrubu aliyoyaandika kwa kalamu ya wino mzito. Wateja husubiri nje, kwenye baraza ya jirani.

Kazi yangu ni kupima nyumba za mawe za Mji wa Kale na kuzichora kabla mafundi wa chokaa hawajagusa ukuta. Kila kidaka, kila boriti, upana wa msana (ule ukumbi mrefu wa ndani), kimo cha dari, vyote hupimwa na kupigwa picha, kwa sababu plasta ikishabanduliwa hakuna wa kukuambia ilivyokuwa. Hayo yote hukaa kwenye laptopu. Siku ilipoanguka ilikuwa juu ya ubao uliolazwa kwenye ngazi ya nyumba tuliyokuwa tukiipima. Ubao ukateleza, laptopu ikashuka kutoka kimo cha kifua hadi sakafuni, kona ya nyuma ya kulia ikitangulia. Ilikuwa imewashwa na ilikuwa ikihifadhi picha. Niliiinua ikiwa ingali inafanya kazi, na kwa nje ilikuwa na mchubuko wa ukubwa wa ukucha, basi.

Miaka ya nyuma laptopu yangu nyingine ilianguka nikiwa mji mwingine wa pwani. Fundi niliyempelekea aliibonyeza, ikawaka, akanirudishia akisema ni nzima. Haikuchukua muda mrefu diski ikaanza kugonga ndani, kisha ikanyamaza na kazi yangu ya msimu mzima. Kwa hiyo safari hii sikutaka mtu wa kuniambia inawaka. Nilitaka mtu wa kuifungua.

Nilimpigia simu nikiwa bado nimesimama pale pale. "Ami, izime sasa hivi," alisema. "Usiiwashe tena kuijaribu, usiitie kwenye chaja. Ndoo nayo." Yaani, njoo nayo.

Sababu alinieleza baadaye, na ni ya kweli. Laptopu yangu ina diski mbili: SSD ya programu, yaani diski ya chipu tupu, na diski ya kuzunguka ya terabaiti moja ninamoweka picha. Hii ya kuzunguka ina sahani zinazokwenda mizunguko 5,400 kwa dakika, na kichwa cha kusomea huelea juu ya sahani kwa nafasi ya nanomita chache tu. Ikiwa imezimwa, kichwa kimeegeshwa pembeni na diski huvumilia mshtuko mkubwa. Ikiwa inaandika wakati wa kuanguka, kichwa kinaweza kuigusa sahani na kuikwaruza. Ukiendelea kuiwasha "kuona kama iko sawa", unakwaruza zaidi. SSD haina kitu kinachozunguka. Kwake hofu ni kiunganishi kulegea au skrubu inayoishikilia kutoka.

Nilipofika hakukimbilia bisibisi. Aliuliza maswali na kuyaandika kwenye daftari la mistari: ilitua kwa kona gani, kifuniko kilikuwa wazi au kimefungwa, ilikuwa imewashwa, palikuwa na fleshi au chaja iliyochomekwa? Swali la mwisho sikulitarajia. Laptopu ikianguka na kitu kimechomekwa, kile kitu hugeuka wenzo na kung'oa tundu zima kutoka kwenye madabodi, ile bodi kuu ya ndani, hata kama kwa nje tundu laonekana limenyooka.

Kisha akaiweka juu ya kipande cha kioo na kuigusa pembe kwa pembe aone kama inayumba. Akabonyeza padi ya kipanya sehemu mbalimbali. Alikuwa akitafuta betri iliyovimba, maana betri ya lithiamu ikiumia huweza kufura na kuisukuma padi kutoka chini, na hapo laptopu haikai tena sawasawa mezani. Yangu ilikaa sawa. Lakini akaniambia kitu ambacho ningependa kila mwenye laptopu akisikie: betri iliyoumia si lazima ivimbe siku hiyo hiyo. Kwa wiki kadhaa niiangalie, nisiichaji usiku nikiwa nimelala, na nikisikia harufu tamu kama ya rangi ya kucha, au ikawa moto bila kufanya kazi yoyote, niitoe nje ya nyumba na nisiirudishe.

Alipofungua kifuniko cha chini ndipo thamani ya kazi yake ilipoonekana. Bawaba ya kulia hushikiliwa na skrubu zinazoingia kwenye nati ndogo za shaba zilizozamishwa ndani ya plastiki. Nati mbili kati ya hizo zilikuwa zimeng'oka na vipande vya plastiki vimetawanyika ndani. Kwa nje hukuweza kuona lolote. Kila ninapofungua skrini, bawaba ingekuwa inanyanyua fremu badala ya kuzunguka, na waya mwembamba wa skrini unaopita hapo ungevutwa hadi ukatike. Yaani ningeishia kununua skrini kwa sababu ya nati mbili. Pale pale kwenye bawaba hupita pia nyaya mbili za antena ya Wi-Fi zinazopanda hadi kwenye kifuniko. Mmoja ulikuwa umechomoka kwenye kadi yake. Hilo nalo lingenisumbua kwa miezi, maana ukiwa karibu na ruta intaneti hupatikana vizuri, ukisogea chumba cha pili inapotea, na katika nyumba zenye kuta nene za matumbawe ningeulaumu ukuta.

Aliipuliza vumbi na kusafisha viunganishi kwa spiriti. Chumvi ya hapa ilikuwa imeshaanza kuweka ukungu wa kijani kwenye baadhi ya miguu ya shaba. Hilo si la kuanguka, ni la kuishi Lamu, na hakulitoza.

Diski ya picha aliishughulikia kabla ya kuwasha chochote, na utaratibu huu ndio ulionifanya nimwamini. Aliitoa, akaiunganisha na kompyuta yake inayotumia mfumo wa Linux, akasoma rekodi ya afya ambayo kila diski hujiwekea yenyewe, ile iitwayo SMART. Kulikuwa na sekta 16 zinazosubiri, yaani sehemu ambazo diski imeshindwa kuzisoma na bado haijaamua kuzihama. Fundi mwingine hapo angeanza kuipima diski nzima. Yeye alikataa. Kuipima diski inayoumwa ni kuichosha, na huenda pumzi yake iliyobaki ikaishia kwenye kipimo badala ya kwenye mafaili yako. Alitengeneza nakala kwanza, kwa programu iitwayo ddrescue. Hiyo huchukua kwanza sehemu zinazosomeka kwa urahisi, zile ngumu huzirudia mwishoni, na huandika mahali ilipofika ili ikikatizwa iendelee kutoka hapo. Umeme ulikatika kazi ikiwa katikati, na uliporudi iliendelea pale pale. Picha zangu zote zilipatikana isipokuwa chache, tena za chumba ambacho naweza kurudi kukipiga upya.

Baada ya nakala ndipo alipoiwasha laptopu, bila ile diski. SSD aliisoma kwa CrystalDiskInfo, programu ya kusomea afya ya diski, ikatoka nzima. RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta, aliiachia programu ya kuipima iitwayo MemTest86 usiku kucha, haikuleta kosa. Kisha akaipa prosesa kazi nzito huku akitazama joto. Kipoozeo kikiwa kimenyanyuka kutoka kwenye prosesa, joto huruka hadi karibu nyuzi 100 mara moja. Yangu ilipanda taratibu ikatulia kwenye 80 na kitu. Feni aliisikiliza kwa sikio, akiilaza laptopu ubavu huu na ule, kwa sababu feni iliyopinda hukwaruza ukiwa umeiinamisha tu. Skrini aliijaza nyeupe, nyeusi, nyekundu, kisha akaifungua na kuifunga polepole akitazama kama inamemetuka. Matundu yote aliyachomeka fleshi na kuitikisa kidogo. Haya yalikuwa mazima yote na sina zaidi la kusema juu yake.

Niliuliza kama nibadilishe betri kwa usalama. Alinionyesha ripoti ambayo Windows hutoa ukiandika powercfg /batteryreport, yenye uwezo wa betri ilipoundwa na uwezo wake wa sasa, akasema bado inafaa, nisitupe pesa. Mtu anayeuza betri akikuambia usinunue betri, mrudie.

Uchunguzi alitoza shilingi 1,000, na hiyo hulipwa hata kama hakuna kilichopatikana. Wako watakaonung'unika. Mimi naona ndiyo bei ya haki kabisa: ukimlipa kwa kutazama, hana haja ya kubuni ugonjwa. Kunakili diski kulikuwa shilingi 2,500 na bawaba 1,800. SSD mpya ya kuchukua nafasi ya ile diski iliagizwa Mombasa na ikaja kwa basi hadi Mokowe, kisha kwa boti, kwa hiyo kuna kusubiri.

Sasa yasiyonipendeza. Bawaba aliitengeneza kwa kuzigandisha upya zile nati kwa gundi ya epoksi. Aliifanya vizuri, aliiacha siku nzima ikauke, na aliniambia waziwazi kwamba haitakuwa na nguvu ya plastiki ya kiwandani. Kwa laptopu ya inchi 15 inayofunguliwa kutwa, ningeshauri uagize fremu yenyewe ikiwa inapatikana, mimi nitaagiza. Stakabadhi ya kwanza aliyoniandikia ilikuwa na jina langu na neno "laptopu" tu. Nilimwomba aongeze namba ya mashine na orodha ya vilivyomo, pamoja na namba ya kila diski, akafanya bila kinyongo, lakini hilo lingekuwa desturi yake kwa kila mteja. Pia aliniomba nenosiri. Nilimwambia nitakuja kuliandika mwenyewe kila atakapolihitaji, akakubali. Nawe fanya hivyo hivyo. Si kwa kumshuku, ila mafaili ya wateja wangu ni ya nyumba zao.

Na muda. Hufunga adhuhuri na harudi mpaka baada ya Alasiri, Ijumaa huenda usimpate kabisa, na ukimuuliza kazi itakwisha lini atakuambia "ikiwa tayari nitakupigia". Hupiga kweli, ila kama una boti ya kuwahi au mtihani wa kesho, mwambie mapema akupe laptopu ya kuazima. Anayo moja ya zamani.

Nenda asubuhi, kabla foleni ya simu haijajaa. Chukua chaja yako, kwa kuwa tundu la chaja hulipima kwa chaja unayoitumia, na kama ilianguka ikiwa ndani ya kifuko, chukua na kifuko. Na ukiwa Shela au Matondoni usisubiri boti ya kesho ukiijaribu-jaribu nyumbani. Mpigie kwanza, ukiwa umeshaizima.