Waliniuzia bastola "ya mwanamke", ikagoma mbele ya watu

Naandika haya nikiwa bado nina hasira, na jambo lenyewe limeshapita miezi mingi, kwa hiyo mjue si hasira ya kupita. Kama unatafuta bastola ya kulengea shabaha, si ya kuweka karibu na kitanda wala ya kutembea nayo kiunoni, tafadhali nisikilize kabla hujatoa dola zako.

Mimi ni muuguzi, naishi Houston, zamu zangu nyingi ni za usiku. Shabaha sikuijulia Marekani. Nilipita JKT Mafinga enzi zile ilipokuwa lazima kwa waliomaliza kidato cha sita, na siku niliyoipenda kuliko zote kule ni ile tuliyopelekwa renji. Afande alitwambia: "Kuruta, triga haivutwi kwa pupa. Inabanwa polepole, mpaka mlio ukushtue mwenyewe." Risasi zangu zilikaa karibu karibu kwenye karatasi, akaniita mbele ya wenzangu akawaonyesha. Hamu ile sikuwahi kuipoteza. Watoto walipokua na deni la nyumba likapungua, nikasema sasa ni zamu yangu. Kuna klabu si mbali na kwangu inayolenga shabaha kila Jumatano jioni, futi 50, ndani ya jengo, kwa mkono mmoja kama mchezo wenyewe unavyotaka.

Nilikwenda dukani na shemeji yangu, mume wa mdogo wangu, kwa sababu yeye alishanunua pale. Duka silitaji. Muuzaji alimpa shemeji mkono, mimi hakunipa. Nikamweleza mwenyewe, kwa Kiingereza changu kinachonitosha kuhudumia wagonjwa mahututi kila usiku: nataka bastola ya kulengea karatasi, klabu, mkono mmoja. Akamgeukia shemeji: "Ana mikono midogo. Tumpatie kitu kinachomfaa mwanamke." Akatoa kibastola cha kaliba .380, mpini wa zambarau, kinaingia kwenye pochi. Shemeji akamwambia, "Muulize yeye, ndiye mnunuzi." Jamaa akacheka, akaendelea kuongea na shemeji.

Nilikubali. Hilo linaniuma mpaka leo, lakini nilidhani mtu anayeshinda nyuma ya kaunta ya silaha anajua anachokisema.

Nikajaza fomu 4473, ile ya serikali anayojaza kila anayenunua silaha dukani. Wenye grini kadi tunaandika pia namba yetu ya mgeni, kisha dukani wanauliza kwenye mfumo wa FBI. Mimi jibu lilikuja "subiri", nikarudi nyumbani, nikangoja siku 3 za kazi. Hilo sina kinyongo nalo, ni sheria. Tatizo ni kibao ukutani ambacho sikukitilia maanani: silaha ikishatoka mlangoni hairudishwi. Fomu ikikamilika na ukaichukua, tayari ni mali kuukuu, na ukitaka kuwauzia tena watakupa bei ya kukutoa machozi.

Sasa nielezeni, bastola "ya mwanamke" kwa nini ni ngumu kuikoki kuliko zote nilizoshika baadaye? Nimekuja kuelewa. Hivi vibastola vidogo vya .380, angalau vya aina ya hiki changu, havina komeo linalofunga mtutu na slaidi (kile kipande cha juu kinachorudi nyuma kila unapopiga) pamoja risasi inapolipuka. Kinachozuia ni uzito wa slaidi na ukali wa springi tu. Slaidi ni ndogo, kwa hiyo springi lazima iwe kali. Ndiyo maana mwanamke anayepewa "kitu chepesi" anajikuta anapigana nacho kama anafungua boliti iliyoota kutu. Na wepesi wenyewe ni adhabu, maana bastola nyepesi teke lote linaishia mkononi mwako. Baada ya magazini nne kiganja changu, kati ya kidole gumba na cha shahada, kilikuwa chekundu.

Halafu kuna saiti, vile vialama viwili vya kulengea juu ya bastola, na hapa ndipo muuzaji alipaswa kuona aibu. Kwenye kibastola kile saiti ya mbele na ya nyuma zimeachana kama sentimita 10 hivi. Ukikosea kuzipanga kwa milimita 1 tu, kwenye karatasi iliyo mita 15 umekosea sentimita 15. Kwenye bastola ndefu ya shabaha, ambayo saiti zake zimeachana kama sentimita 23, kosa lile lile linakupeleka sentimita 6 na nusu. Hesabu ya darasa la saba! Mtu anakwambia anataka kulenga karatasi, wewe unampa chombo kinachozidisha kila kosa lake zaidi ya mara mbili, kwa sababu rangi yake ni zambarau.

Jumatano ya kwanza klabuni. Walinipokea vizuri mno, nasema kweli. Msimamizi aliikagua bastola, akakunja uso kidogo, akaniambia nijaribu tu. Raundi ya polepole nilienda ovyo, lakini nilienda. Ikaja raundi ya haraka, risasi 5 ndani ya sekunde 10. Ya kwanza ikatoka. Ya pili ikatoka, ganda lisitoke. Lilibanwa na slaidi kwenye tundu la kutokea, limesimama wima kama dohani. Wenzangu wote wanamaliza raundi, mimi nimenyoosha mkono wa kushoto juu, maana ndiyo ishara ya kwamba silaha imekwama, na jicho langu haliondoki kwenye kile kiganda. Sheria inakuruhusu kurudia. Nikarudia. Ikakwama tena, risasi ya tatu.

Sikulia pale. Nililia kwenye gari.

Nikarudi dukani na shemeji. Yule yule. Nikamweleza. Akaichukua, akaingia nayo kwenye renji yao ya nyuma, akapiga magazini mbili mfululizo bila kukwama hata mara moja. Akatoka, wateja wamejaa, akamwambia shemeji, si mimi: "Silaha ni nzima. Mwambie mkeo akaze mkono." Mkeo! Shemeji akamjibu kwa ukali kuliko nilivyowahi kumsikia, nami sikuongeza neno. Nina zaidi ya miaka 50, nimesomesha watoto watatu kwa mikono hiyo hiyo anayosema ni milegevu.

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa sababu nataka kuwa mkweli. Alikuwa na haki kwa sehemu. Bastola inayojikoki yenyewe inahitaji mkono ulio imara nyuma yake. Mkono ukirudi pamoja nayo, slaidi haipati nguvu ya kumaliza safari yake, na ganda linabanwa. Hilo ni kweli, na kila anayeanza anapaswa kulijua. Lakini mkono wangu ulilegea kwa nini? Kwa sababu mpini ule ni mfupi, vidole viwili tu ndivyo vinavyoushika, cha mwisho kinaning'inia hewani. Unashikaje imara kitu usichoweza kukishika? Basi nikasema kichwani, ni kosa la nusu kwa nusu, nitajifunza.

Klabuni kuna mzee mmoja, fundi mitambo mstaafu, alifanya kazi kwenye visima vya mafuta miaka mingi. Mikono yake ni kama koleo. Aliniomba apige yeye. Magazini tatu, safi. Nikaanza kujilaumu upya. Magazini ya nne, dohani. Akasimama, akaitoa magazini, akahakikisha chemba ni tupu, akaifungua palepale mezani, akaangalia kikucha kinachovuta ganda kwa kioo cha kukuzia. Kimemeguka pembeni. Kipande kidogo kama chembe ya mchele. Akaniambia, "Mama, hapa hata mkono wa mwanamieleka usingekusaidia."

Kwa hiyo haikuwa mkono wangu! Au haikuwa mkono wangu peke yake. Na yule bwana hakuifungua hata kuitazama. Alipiga magazini mbili akatoa hukumu.

Niliituma kiwandani. Hapa Marekani mwenye silaha anaweza kuituma kwa mtengenezaji ikarekebishwe, na ikarudishwa moja kwa moja kwake. Wiki chache baadaye ilirudi na kikucha kipya na springi mpya, bure, pamoja na barua ya heshima iliyoandikwa jina langu. Tangu hapo sijaiona ikikwama, na nimeshaipiga zaidi ya risasi 300. Nilikuwa nimeapa kuipa nyota moja. Siwezi tena. Kwa kazi iliyotengenezewa, kubebwa na kufichwa, huenda ni chombo kizuri. Kwa shabaha, hapana, na hata ikipiga risasi 10,000 bila kukwama nitasema hapana.

Huku yangu ikiwa kiwandani, yule mzee aliniazima Ruger Mark IV ya kaliba .22. Jamani. Sikujua kwamba bastola inaweza kutulia mkononi namna ile. Mtutu umekazwa kwenye mwili wa silaha, hauchezi, na saiti zote mbili zimekaa juu ya mwili huo huo. Kinachorudi nyuma risasi inapolipuka ni kipande cha ndani tu. Ni nzito, na uzito huo ni rafiki, kwa sababu risasi ya .22 teke lake ni dogo na bastola inalimeza lote. Nilibana triga polepole kama afande alivyosema, mlio ukanishtua, na nilipoleta karatasi karibu nikaona tundu kwenye duara jeusi la katikati. Kisha jingine kando yake. Mzee hakusema kitu, alinipigia bega tu.

Ukoo huu wa bastola ulianza 1949, na kwa miongo mingi watu walilalamika kwamba ukishaifungua kuisafisha, kuirudisha ni mtihani. Hii ya nne, iliyotoka 2016, ina kitufe kimoja nyuma: bonyeza, inajikunja, inafunguka. Nilinunua yangu duka jingine, baada ya kukodi tatu tofauti kwenye renji na kuzipiga zote. Binti aliyenihudumia aliniuliza swali moja tu: "Unataka ikufanyie nini?" Ukinunua ya mkononi mwa mtu, angalia ilitengenezwa lini. Zilizotengenezwa kabla ya Juni 1, 2017 kampuni yenyewe iliziita zirekebishwe, kwa sababu ukibana triga huku kitufe cha usalama kikiwa katikati, hakijafika juu wala chini, risasi inaweza kulipuka baadaye unapokisogeza. Hakikisha imesharekebishwa.

Na .22 nayo ina vituko vyake. Baruti ya kuwashia imepakwa ndani ya ukingo wa ganda, na isipoenea vizuri, pini inagonga pasipo na kitu. Ikitokea, usikimbilie kufungua. Elekeza mtutu kwenye shabaha, hesabu sekunde 30, ndipo uitoe. Pia inachafuka upesi. Mimi naisafisha kila Jumatano nikirudi, kabla ya kuoga. Kwangu kukwama kumetokea mara mbili tu, na mara zote ilikuwa risasi za bei rahisi nilizonunua kwa uchoyo.

Hiyo ya zambarau nimeiacha kwenye kasiki. Mdogo wangu aliniomba nimuuzie, nikataka kumwambia ndiyo, maana sasa ni nzima na yeye shabaha haimhusu. Nyota tatu ningeipa, na hata mkono ulikuwa umeanza kuandika nne. Kisha shemeji akaniambia juzi kwamba alimwona yule muuzaji akimtolea mwanamke mwingine kibastola cha aina ile ile, mume amesimama pembeni, na muuzaji anaongea na mume. Nimefuta. Nyota mbili kwa bastola, kwa ajili ya barua ya kiwandani na kikucha kipya. Lile duka halipati kwangu hata nyota moja, na sirudi pale hata kununua vizibo vya masikio.