Cantera inakokotoa vizuri, lakini lichunguze faili la mimenyuko

Cantera ni programu huria ya kukokotoa kemia ya gesi na mwako. Ilianzishwa na marehemu Profesa David Goodwin wa chuo cha Caltech nchini Marekani, aliyefariki mwaka 2012, na sasa inaendelezwa na wahandisi na wanasayansi wa vyuo mbalimbali wanaojitolea. Hailipiwi, na leseni yake inamruhusu mtu yeyote kuifungua, kuisoma na kuibadilisha. Kwa mwanafunzi wa uhandisi wa Dar es Salaam au Nairobi jambo hilo lina uzito wake, kwa kuwa Chemkin, programu iliyotungwa katika maabara za Sandia, California, mwanzoni mwa miaka ya 1980 na iliyowafunza kazi hii wataalamu wa kizazi kizima, iligeuka kuwa bidhaa ya biashara na baadaye ikawa mali ya kampuni ya ANSYS.

Usakinishaji wake ni wa amri moja, kwa pip au kwa conda, zana za kusakinishia programu, na kompyuta mpakato ya kawaida inaimudu. Anayetafuta madirisha na vitufe vya kubofya ataondoka mikono mitupu, kwani kazi yote hufanywa kwa kuandika, na wengi huandika kwa lugha ya programu ya Python. Tahadhari mbili zinatosha hapa. Kwanza, Cantera huhesabu kwa kilomoli (yaani moli 1,000) wala si moli, kwa hiyo anayehamisha hesabu zake kutoka Chemkin atapata majibu ya ajabu asipokuwa makini. Pili, toleo la 3.0 la mwaka 2023 liliacha kabisa miundo ya zamani ya CTI na XML ya mafaili ambamo programu husoma dutu na mimenyuko yake, na kubaki na muundo wa YAML peke yake, ilhali mafunzo mengi yaliyomo mtandaoni bado yanafundisha ya zamani.

Nimeipima kwa kazi ya kawaida kabisa, yaani metani na hewa kwa uwiano kamili (hewa inayotosha tu kuunguza metani yote), kuanzia Kelvini 300 na mgandamizo wa kawaida wa hewa. Joto la mwisho la mwako lilitoka kufumba na kufumbua, nalo ni takriban Kelvini 2,225, kama vitabu vinavyosema. Kasi ya mwali ilichukua muda zaidi na ikafika karibu sentimita 38 kwa sekunde, ambayo ni ya juu kidogo ukiilinganisha na vipimo vingi vya maabara, ingawa bado inakubalika. Mipaka ya programu yenyewe iko wazi: inashughulikia chombo kimoja cha mmenyuko au vyombo vilivyounganishwa, pamoja na miali inayobadilika katika mwelekeo mmoja tu. Anayetaka umbo zima la tanuri au silinda ya injini itambidi aende kwenye programu nyingine kama OpenFOAM.

Ninapotofautiana na wanaoisifu bila kikomo ni kwenye faili la mimenyuko linalokuja nayo, lile la GRI-Mech 3.0, ambalo karibu kila anayeanza hulitumia bila kuuliza. Ni mfumo wa dutu 53 na mimenyuko 325 uliotolewa mwaka 1999, ukatungwa mahususi kwa gesi asilia, na haujaboreshwa tangu hapo. Watunzi wake walisema waziwazi kwamba umerekebishwa kwa joto la kati ya Kelvini 1,000 na 2,500, na kwa mgandamizo usiozidi mara 10 ya ule wa hewa ya kawaida, kwa hiyo silinda ya injini ya dizeli iko nje ya eneo hilo. Walionya pia kwamba usitumike kwa propani, ethilini au methanoli kama fueli zinazosimama peke yake, ingawa majina yake yamo ndani ya orodha. Kwa gesi asilia ya Songo Songo, Tanzania, ambayo karibu yote ni metani, mfumo huu unafaa. Kwa gesi ya mitungi ya jikoni, ambayo ni propani na butani, haufai, na butani haimo kabisa. Cantera haitakuzuia kuwasha propani kwa GRI-Mech. Itakupa namba safi zenye desimali nyingi, na hakuna onyo lolote litakalotokea.

Upande ambao naona programu hii imesahauliwa ni ule wa mitandao ya neva bandia, yaani programu zinazojifunza kukadiria majibu kutokana na mifano. Hesabu ya mwako ni nzito kwa sababu radikali, yaani vipande vya molekuli vinavyomenyuka upesi kama H na OH, huzaliwa na kutoweka ndani ya muda mfupi mno, huku oksidi za nitrojeni zikijengeka polepole, na kompyuta inalazimika kwenda kwa hatua ndogo za kuzifuata zile zenye haraka. Mwaka 1996 Christo, Masri na Nebot wa Sydney walifundisha mtandao mdogo ukadirie mabadiliko hayo katika miali ya haidrojeni iliyochanganywa na kaboni dayoksaidi, na mwaka 1998 Blasco na wenzake wa Zaragoza wakafanya hivyo kwa mfumo wa metani uliopunguzwa mimenyuko. Baadaye kundi hilo la Zaragoza lililigawa eneo la joto na mchanganyiko katika vipande, kila kipande kikawa na mtandao wake, kwa kuwa mtandao mmoja haukuweza kubeba yote kwa usahihi. Kompyuta za wakati huo zilikuwa dhaifu, na wazo likakaa kando kwa miaka.

Cantera ni chombo kizuri sana cha kurudia majaribio hayo leo: unazalisha maelfu ya hali za kuanzia, unaandika jibu la kila moja, na una data ya kufundishia. Ila mtandao haujui kwamba atomi za kaboni hazipotei, hivyo lazima ukague jumla ya kila elementi baada ya kila hatua, la sivyo kosa dogo litakua hadi mwali uzimike wenyewe. Vilevile, mtandao uliofundishwa kwa GRI-Mech unarithi mipaka yote ya GRI-Mech. Anayetaka wa gesi ya jikoni atafute kwanza mfumo wenye butani. Mingi imeandikwa kwa muundo wa Chemkin, na zana ya ck2yaml inayokuja na Cantera huibadilisha, tena hukataa mmenyuko ambao atomi zake hazilingani pande zote mbili.