Huduma ya leba: manesi 2 chini, meza 6 juu

Mdogo wangu alijifungua mwezi uliopita katika hospitali moja ya mkoa. Jina silitaji, bado tunarudi kliniki. Mtoto wa kike, kilo 3.2, wazima wote. Kama unauliza tu pa kumpeleka mgonjwa wako, mpeleke. Manesi wa pale kazi wanaijua.

Ila nina langu moyoni.

Usiku ule walikuwepo wajawazito 6 na manesi 2, na mmoja muda mwingi alikuwa anazalisha. Aliyebaki ndiye anazunguka na karatasi za partografu, zile za kuandika uchungu unavyoendelea na hali ya mama na mtoto. Mapigo ya mtoto tumboni yanasikilizwa kila nusu saa, kwa kila mama. Mimi nauza vitenge, hesabu ndiyo ugali wangu: mara 12 kwa saa, hapo hajapima presha, hajabadilisha shuka, hajamjibu anayelia. Saa 8 usiku nilimwona akiandika presha ya mdogo wangu kwenye kiganja, maana kitanda cha pembeni walishaita, "Sista, mtoto anatoka!" Aliponawa, namba ikaondoka na sabuni. Akarudi kupima upya. Chai yake ya rangi ililala dirishani, imefunikwa kisahani, mpaka kukakucha.

Siku ya pili tukapewa ruhusa. Nikapanda ofisini juu: feni mbili, meza 6, watu 6, anayenihudumia mmoja. Fomu ya bima haina sahihi ya wodini. "Mwambie nesi ailete." Kushuka ngazi hakuna aliyeweza. Akaipandisha nesi yule yule, saa 4 asubuhi, wakati zamu yake ya usiku iliisha saa 2. Kufika akaulizwa mbona ripoti ya mwezi haijaletwa. "Naileta leo, bosi," akasema, macho mekundu.

Sisemi ofisi haina kazi. Dawa haziji zenyewe, na kijana wa dirishani alikuwa na adabu zake. Lakini hata mimi dukani, binti anayepimia wateja kitambaa simpi na daftari la stoo ajaze.

Haya nilitaka kuyaweka kwenye sanduku la maoni pale getini. Karatasi zilikuwa zimekwisha. Mlinzi akaniambia, "Mama, kaombe kwa manesi."