Mfuko wa jamii wa kata yetu: nimechangia misimu mitatu

Hii ni kata mojawapo ya Tandahimba, Mtwara. Malipo ya korosho yakiingia kutoka chama cha msingi cha ushirika, natenga shilingi 20,000 za mfuko kabla hazijapata kazi nyingine. Nitaendelea.

Kilichonivuta ni ubao. Nje ya ofisi wanabandika risiti zenyewe, siyo muhtasari: mabati, misumari, mifereji ya kukinga maji ya mvua, ujira wa fundi. Tangi la shule limekamilika mwaka jana. Sisi tunaoishi juu ya Uwanda wa Makonde, ambako maji hufuatwa mabondeni, tunajua ndoo ina uzito gani kichwani mwa mtoto. Nililigonga kwa kiganja, likatoa ule mlio mzito wa tangi lililojaa.

Sehemu ya michango haiguswi. Inakaa benki, faida yake ndiyo inayogawiwa. Mifuko ya jamii ya namna hii ilianzia Cleveland, Marekani, mwaka 1914, kwa wazo la mwanabenki Frederick Goff. Wazee wetu waliuliza, "Hela ilale ya nini?" Bei ya korosho iliposhuka na michango ikapungua, faida hiyo ndiyo iliyonunua sare za yatima.

Lawama yangu ni fomu ya kuomba fedha za mfuko. Kurasa saba, lugha ngumu! Mama mmoja wa kikundi cha ufinyanzi aliirudisha tupu, na kikundi chake kilistahili kabisa. Nimewaomba wapokee maombi ya mdomo mbele ya mashahidi. Wameahidi kulijadili kabla ya msimu.